Bahasha Isiyo na Sababu

Kwenye kaunta ya kemisti pale Chepseon, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Kericho, aspirini ya miligramu 75 hutoka kisandukuni ikiwa ukanda wa vidonge vidogo vyeupe, kila kimoja hakifiki upana wa punje ya hindi. Ukanda hukatwa kwa mkasi, hutiwa ndani ya bahasha ndogo ya karatasi, na juu yake huandikwa kwa kalamu "1×1". Kila mtu anajua maana yake: kimoja, mara moja kwa siku. Bahasha hiyo hiyo hubebwa na mzee aliyepooza mkono wa kulia mwaka jana. Hubebwa na mama aliyerudi kutoka Nairobi akiwa amewekewa stenti, kile kibomba cha wavu wa chuma, ndani ya mshipa wa moyo. Hubebwa pia na mtu asiye na ugonjwa wowote anaoujua, ila wiki iliyopita amemzika jirani aliyeanguka ghafla kati ya mistari ya chai, na sasa anatafuta kinga. Wa kwanza kidonge kinamlinda. Wa pili akikikosa kwa wiki moja anaweza kufa. Wa tatu akikimeza kila siku kinaweza kumletea msiba ule ule anaoukimbia. Nikikumbuka miaka ya kuzitazama bahasha za namna hiyo, naona kasoro moja kuliko zote: hazisemi mtu anameza kwa nini, wala atameza hadi lini.

Jina tulilolipa dawa hii limechangia kutupotosha. Tunasema ni ya kuyeyusha damu, na anayesema damu yake ni nzito mara nyingi ameona tu damu ya rangi ya giza ikijaa kwenye sindano ya maabara. Damu ya vena ni ya giza kwa kila mtu, kwa sababu imekwisha kuiacha sehemu ya oksijeni yake mwilini. Rangi hiyo haipimi uzito wowote. Aspirini haiyeyushi kitu. Inachogusa ni chembe sahani, ambazo hospitalini huitwa plateleti, vijichembe visivyo na kiini ambavyo katika tone dogo la mikrolita moja hukutwa kati ya 150,000 na 450,000. Mchuma chai akichanwa kidole na kijiti kikavu cha kichaka, ndizo zinazofika kwanza, zikanata kwenye kingo za jeraha, zikaitana, zikaziba. Kazi hiyo hiyo njema hugeuka balaa pale utando wa mafuta ndani ya mshipa wa moyo au wa ubongo unapopasuka: chembe huona jeraha, huitana, na zinachoziba ni njia ya damu yenyewe. Lawrence Craven, daktari wa kawaida wa California, alishuku jambo hili baada ya kuona wagonjwa wake waliotolewa tezi za koo wakivuja damu kupita kiasi, nao walikuwa wakitafuna ubani wenye aspirini ili kutuliza maumivu. Sababu ilikuja kuelezwa 1971 na Mwingereza John Vane, aliyepewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1982: dawa hufunga kimeng'enya ambacho chembe hukitumia kuitana.

Kwa kuwa chembe haina kiini, haiwezi kujitengenezea kimeng'enya kingine. Ikishaguswa na aspirini inabaki bubu mpaka ife, na maisha yake yote ni siku 7 hadi 10. Mkulima wa chai hahitaji maelezo marefu hapa. Kichaka kilichochumwa leo hakikupi tena majani mawili na chipukizi kesho, hata ukikiwekea mbolea usiku kucha. Unangoja zamu yake irudi, wiki moja au mbili. Mwili nao hutoa karibu sehemu moja ya kumi ya chembe mpya kila siku. Ndiyo maana kipimo kidogo cha miligramu 75 kinatosha kwa kazi ya kila siku, na ndiyo maana anayevuja damu hapati nafuu kwa kuruka kidonge cha asubuhi moja. Klopidogreli, ndugu yake wa bei ya juu kidogo, hufunga mlango mwingine wa chembe zile zile, lakini lazima kwanza ini liiamshe. Wapo watu ambao maini yao, kwa maumbile, huiamsha kwa shida, na omeprazoli, dawa ya vidonda vya tumbo ambayo karibu kila nyumba inayo, hulizuia ini kufanya kazi hiyo vizuri. Anayemeza klopidogreli na anahitaji kinga ya tumbo aulizie pantoprazoli.

Sitaki msomaji adhani nimekuja kuisema vibaya aspirini. Kwa mtu aliyekwisha kuumwa moyo au kupata kiharusi cha mshipa kuziba, dawa chache za bei hii zimethibitishwa kama hii. Jaribio la ISIS-2, lililotolewa 1988, lilikusanya wagonjwa 17,187 walioshukiwa kuwa na shambulio la moyo. Waliopewa aspirini kwa mwezi mmoja walikufa kwa moyo na mishipa wapatao 94 kwa kila 1,000 ndani ya wiki tano. Wasiopewa, wapatao 118. Maisha 24 kwa kila watu 1,000, kwa kidonge kinachouzwa kwa shilingi chache. Kwa hiyo kifua kikibana kama kimefungwa kamba, maumivu yakapanda taya au mkono, jasho jembamba likatoka, mtu atafune aspirini ya miligramu 300, yaani vile vidogo vinne, huku gari likitafutwa, isipokuwa awe na mzio nayo au anatapika damu. Mwaka 2002 uchambuzi wa majaribio 287 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa aina hii dawa za chembe sahani hupunguza shambulio jingine la moyo, kiharusi au kifo cha mishipa kwa karibu robo. Na utafiti wa China wa 2013, wenye wagonjwa 5,170 wa kiharusi kidogo au cha kupita, ulionyesha faida ya kuunganisha aspirini na klopidogreli kwa siku 21 za mwanzo. Siku 21. Jaribio jingine, lililotolewa 2018, lilivuta muungano huo hadi siku 90, na uvujaji mkubwa wa damu ukaongezeka, ilhali sehemu kubwa ya faida ilikuwa imepatikana katika wiki za mwanzo. Ninapoona mtu anameza dawa zote mbili mwaka wa pili, na kwenye bahasha kumeandikwa "1×1" tu, najua kuna tarehe mtu fulani aliijua na hakuiandika.

Sasa yule wa tatu, mwenye hofu na asiye na ugonjwa. Hofu yake ina asili, na kwa muda mrefu hata madaktari waliikubali. Mwaka 1989 utafiti uliowafuata madaktari wanaume 22,071 wa Marekani ulitangaza kwamba aspirini ilipunguza mashambulio ya kwanza ya moyo kwa asilimia 44. Habari hiyo ilizunguka dunia. Iliyobaki nyuma ni kwamba vifo vya moyo na mishipa kwa jumla havikupungua. Mwaka 2018 majaribio makubwa matatu yalitoka karibu pamoja. Moja, ASPREE, liliwafuata wazee wazima wa afya 19,114 wa Australia na Marekani: waliomeza aspirini hawakuepuka magonjwa ya moyo kwa kiasi cha kuonekana wazi, lakini asilimia 3.8 walivuja damu vibaya, dhidi ya asilimia 2.8 ya wenzao, na waliokufa walikuwa wengi kidogo zaidi. Jingine, ASCEND, liliwachukua wagonjwa wa sukari 15,480. Kwa kila 1,000 waliomeza kwa miaka zaidi ya saba, wapatao 11 waliepushwa na shambulio la moyo, kiharusi au msiba wa namna hiyo, na wapatao 9 walivuja damu vibaya kwa sababu ya dawa. Mwaka 2022 jopo la kinga la Marekani likashauri kwamba mtu wa miaka 60 na zaidi asiye na ugonjwa wa moyo asianzishiwe aspirini. Wako wanaosema madaktari wamegeuka kama kinyonga. Mimi naona hesabu ndiyo iliyogeuka: tangu 1989 presha na mafuta ya damu vimepata tiba nzuri, sigara zimepungua, ugonjwa uliokuwa ukizuiwa na aspirini umeshuka, na uvujaji wa damu umebaki pale pale.

Pingamizi zito zaidi hutoka hapa kwetu. Majaribio hayo, mtu atasema, ni ya nchi ambako anayeshikwa na moyo hufikishwa haraka kwenye mashine ya kuzibua mishipa. Sisi tuko mbali na mashine, kinga ndiyo ngao yetu yote, na masikini asinyimwe kidonge anachoweza kukinunua. Naiheshimu hoja hii kwa sababu imetoka kwenye uchungu wa kweli. Lakini umbali unaomchelewesha mwenye moyo humchelewesha pia anayevuja damu. Tumbo linalovuja hutaka kamera ya kulitazama ndani, hutaka chupa za damu ya kundi lako, hutaka mtu wa kuuziba mshipa saa nane za usiku. Ukanda huu una bahati ya kuwa na Hospitali ya Tenwek, Bomet, ambayo kwa sababu ya saratani ya umio iliyotuandama imejijengea ustadi wa endoskopia. Lakini Bomet si jirani wa Chepseon mvua ikinyesha na mgonjwa ana zahanati tu karibu. Tena viharusi vyetu havifanani na vya kwao. Katika utafiti wa INTERSTROKE uliotolewa 2010, wa nchi 22, Uganda ikiwemo, kiharusi cha kuvuja damu kilikuwa asilimia 34 ya wagonjwa wa Afrika, na asilimia 9 tu katika nchi tajiri. Mzizi mkubwa wa hicho ni presha isiyotibiwa. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu hawajawahi kupimwa hata mara moja. Kumpa mtu asiyepimwa presha dawa inayonyamazisha chembe za kuziba damu ni kuiondolea mlinzi nyumba ambayo ukuta wake una ufa.

Haki inanilazimu niweke na ushahidi unaonipinga. Jaribio la TIPS-3, lililotolewa 2021 na kuhusisha Tanzania miongoni mwa nchi zake, liliwapa watu ambao hawajaugua moyo, wenye hatari ya wastani, kidonge cha mseto chenye dawa za presha na mafuta, pamoja na aspirini. Misiba ya moyo na mishipa ilipungua kutoka asilimia 5.8 hadi 4.1. Huo ni ushindi. Ila aspirini ilipopimwa peke yake tofauti haikutosha kuthibitishwa, ilikuwa asilimia 4.1 dhidi ya 4.7, na walioingizwa walikuwa wamechujwa kwanza, wenye hatari ya kuvuja damu wakaachwa nje. Nani anachuja kwenye kaunta yetu? Anayetaka kinga ya kweli kwa shilingi zile zile aanze kwa kufunga mkono wake kwenye mashine ya presha, na akikutwa nayo, ameze amlodipini au chochote atakachoandikiwa, kila siku. Kinga iliyomo humo ni kubwa kuliko ya aspirini, na haimtoi mtu damu.

Kuna jambo moja la mashamba ya chai ambalo majaribio ya Ulaya hayalioni vizuri. Mchuma chai hubeba kikapu mgongoni, huinama na kunyooka tangu umande mpaka jua kali, na jioni mgongo humdai. Kwa hiyo ibuprofeni na diklofenaki, za vidonge na za sindano, ni sehemu ya maisha kama viatu vya mpira. Dawa hizo zinakwangua kinga ya tumbo kama aspirini inavyofanya, na zikikutana hatari huongezeka. Ibuprofeni ina la ziada: ikitangulia, hukaa mahali pa aspirini kwenye chembe sahani, na aspirini ikifika hukuta mlango umekaliwa, ikaondoka mwilini bila kufanya kazi. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kuwa anameza vyote viwili kwa uaminifu, analipa madhara yote na hapati faida. Akihitaji ibuprofeni siku moja moja, aimeze angalau nusu saa baada ya aspirini, au zipite saa nane kabla ya kumeza aspirini. Bora zaidi ageukie parasetamoli. Na baadhi ya dawa za kichwa zinazouzwa dukani pamoja na sukari na sabuni zina aspirini ndani yake, si ya miligramu 75 bali ya mamia. Aliyewekewa vali ya chuma moyoni, na wa namna hiyo si wachache katika nchi hii ya homa ya baridi yabisi ya moyo na upasuaji wa Tenwek, anameza warfarini, dawa nyingine kabisa, isiyogusa chembe sahani. Vidonge viwili vya kichwa vya dukani juu ya warfarini vinaweza kumtoa damu mpaka apoteze fahamu. Wote hawa wanasema wanameza dawa ya kuyeyusha damu. Ndiyo maana jina hilo silipendi.

Watu huuliza kama aspirini yenye ganda gumu, ile isiyoyeyuka tumboni, haiumizi. Ganda hupunguza kiungulia, lakini halizuii kuvuja, kwa kuwa dawa hudhoofisha ukuta wa tumbo ikiwa tayari imeingia kwenye damu. Bakteria wa H. pylori, wanaoishi katika matumbo mengi ya Afrika Mashariki, huongeza hatari hiyo. Wakitibiwa mapema, hatari hupungua. Dalili ya kutazama ni choo cheusi kama lami, kinachonata na kunuka kwa namna isiyo ya kawaida, au matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kuwa cheusi, ila hakinati wala hakinuki hivyo. Uvujaji mwingine hauonekani kabisa: damu huponyoka kidogo kidogo, mtu anachoka, anapumua kwa shida akipanda mlima wa shamba, viganja vinapauka, na kila mtu anasema ni uzee. Uchambuzi wa wazee wa ASPREE, uliotolewa 2023, ulikuta hatari ya upungufu wa damu imepanda kwa karibu asilimia 20 kwa waliomeza aspirini. Malaria nayo, ambayo Kericho iliijua vibaya katika milipuko ya miaka ya 1990, hushusha idadi ya chembe sahani. Anayemeza dawa hizi na ameshikwa na homa amwambie anayemtibu.

Pingamizi ninaloliogopa kuliko yote ni hili: maneno kama haya yakisomwa, watakaoacha dawa ni wale wanaoihitaji. Huo si wasiwasi wa bure. Mwenye stenti mpya akiacha dawa zake kabla ya wakati, damu inaweza kuganda ndani ya ule wavu kwa ghafla, na wengi wanaopatwa na hilo hawapati nafasi ya pili. Aliyepata kiharusi cha kuziba akiacha, hatari ya kingine inarudi. Hata kiharusi ambacho hakijapigwa picha ya CT hakitoi ruhusa ya kuogopa kila kitu: katika majaribio makubwa mawili ya 1997 watu 773 walipewa aspirini au hawakupewa kabla haijajulikana kuwa kiharusi chao ni cha kuvuja damu, na waliopewa hawakuonekana kudhurika zaidi. Picha ipigwe inapowezekana, lakini ikishindikana daktari ana pa kusimamia. Kunyamaza, hata hivyo, hakuwalindi watu hawa. Mtu asiyejua kwa nini anameza ndiye anayeacha kwanza, siku fedha zikipungua au jirani akimwambia dawa inaharibu figo. Aliyeandikiwa "stenti, usiache" anayo maneno ya kumjibu jirani, na aliyeandikiwa "hakuna sababu, usianze" naye amelindwa. Mstari ule ule mmoja unawafaa wote wawili.

Kuna kundi ambalo kwao bahasha haitoki kabisa, na inapaswa kutoka. Mjamzito mwenye hatari kubwa ya kifafa cha mimba, kwa mfano aliyewahi kukipata, mwenye presha ya kudumu, mwenye sukari au mwenye mapacha, anashauriwa na Shirika la Afya Duniani kumeza aspirini ndogo, kuanzia kabla ya wiki ya 20. Jaribio lililotolewa 2020, likiwa na wanawake karibu 12,000 wa mimba ya kwanza katika nchi sita, magharibi mwa Kenya ikiwemo, lilionyesha kwamba aspirini ya miligramu 81 iliyoanzwa mapema ilishusha watoto njiti kutoka asilimia 13.1 hadi 11.6. Tatizo letu hapa ni kalenda: anayefika kliniki mara ya kwanza mimba ikiwa ya miezi sita amekwisha kupitwa. Na kwa kuwa wengi bado huita kidonge hiki "Junior Aspirin", niseme wazi kwamba mtoto asipewe kwa ajili ya homa, maana kwake kinaweza kuleta ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ini na ubongo. Jina ni la zamani. Matumizi hayo yalishaachwa.

Mahali bahasha hizi hujaribiwa kwa kweli ni kwa daktari wa meno. Mgonjwa anasema anameza dawa ya damu, anaambiwa aache wiki moja kisha arudi, na hakuna anayeuliza ni dawa ipi wala ya nini. Kung'oa jino kwa anayemeza aspirini peke yake hakuhitaji kuiacha: jeraha hukandamizwa kwa pamba kwa muda mrefu kidogo, hushonwa ikibidi, na damu husimama. Kwa anayemeza mbili kwa sababu ya stenti, asiache hata moja bila kuzungumza na waliomwekea, na kama jino linaweza kungoja, lingoje mpaka miezi aliyopangiwa iishe. Tarehe hiyo imeandikwa kwenye karatasi aliyopewa siku ya kutoka hospitalini. Karatasi hiyo ikunjwe mara nne. Inaenea vizuri ndani ya bahasha ya vidonge.